Wilhelm Conrad Röntgen: Mhandisi Aliyechungulia Tumbo la Chuma

Jina la Wilhelm Conrad Röntgen linapotajwa, aghalabu kinachowajia wengi akilini ni picha ya mkono wa mwanamke, mifupa yake imejipanga waziwazi na pete nzito imezunguka kidole. Picha hiyo imechapishwa katika vitabu vingi vya shule na kuzoeleka kiasi kwamba imeifunika kazi nyingine ya mwanasayansi huyo. Makala haya yanauangalia upande huo uliofunikwa. Yanasimulia maisha ya Röntgen kwa kuzingatia uhusiano wake na metali, maadamu mtu aliyeuonyesha ulimwengu mfupa wa mtu aliye hai ndiye pia aliyeuonyesha, kwa mara ya kwanza, dosari iliyojificha ndani ya chuma ambacho hakijavunjwa wala kukatwa. Ikumbukwe kwamba Röntgen hakusomea udaktari. Stashahada yake ya kwanza ilikuwa ya uhandisi wa mitambo, na bila kulizingatia hilo ni vigumu kueleza kwa nini, miezi michache tu baada ya ugunduzi uliowapagawisha matabibu, yeye aliichukua bunduki yake ya kuwindia akaiweka mbele ya miale.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji mdogo wa Lennep, eneo la Rhine lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Baba yake, Friedrich Conrad, alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa vitambaa. Mama yake, Charlotte Constanze Frowein, alitoka katika ukoo wa Amsterdam. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Wilhelm alipofikisha umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Apeldoorn nchini Uholanzi, na huko ndiko alikokulia. Hakuwa mwanafunzi wa kutajika. Alichopenda ni kutembea nyikani na msituni, na kuunda vitu kwa mikono yake. Wepesi huo wa mikono haukumtoka maishani: hata alipokuwa profesa mwenye wasaidizi, alipendelea kujitengenezea vifaa vyake vya majaribio.

Mkasa uliouelekeza mkondo wa maisha yake ulitokea Utrecht, alikokuwa akisoma katika shule ya ufundi. Mwanafunzi mmoja alichora mchoro wa kumdhihaki mwalimu. Mwalimu alipofika, Röntgen alikutwa mbele ya mchoro huo. Aliulizwa amtaje mchoraji. Alimjua, lakini akakataa kumtaja, na kwa ajili hiyo akafukuzwa shuleni mwaka 1863. Adhabu haikuishia hapo. Kwa kukosa cheti cha kumaliza shule, milango ya vyuo vikuu vya Uholanzi na Ujerumani ilimfungia. Alihudhuria mihadhara kadhaa katika Chuo Kikuu cha Utrecht akiwa msikilizaji tu, pasi na haki za mwanafunzi kamili. Yapo mambo ambayo mwandishi wa wasifu hushawishika kuyakuza, na hili ni mojawapo. Hata hivyo, kwa kila hali, kijana huyo alilipa gharama kubwa kwa kosa la mwenziwe, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kulitaja jina la mwenziwe huyo baadaye.

Ilipojulikana kwamba Chuo cha Ufundi cha Zurich, nchini Uswisi, kilikuwa tayari kuwapokea vijana wasio na cheti hicho, Röntgen alifunga safari mwaka 1865. Hapo alisomea uhandisi wa mitambo na kuhitimu mwaka 1868. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Zurich kwa utafiti kuhusu gesi. Aliyemvuta kutoka uhandisi hadi fizikia ni August Kundt, mwalimu aliyekuwa na umri usiopishana sana na wa mwanafunzi wake. Kundt alimfanya msaidizi wake, akaandamana naye hadi Würzburg mwaka 1870 na Strasbourg mwaka 1872. Huko Würzburg, chuo kikuu kilikataa kumpa Röntgen idhini ya kufundisha kwa sababu ileile ya zamani: hakuwa na cheti cha shule. Ajabu ya mambo ni kwamba mwaka 1888 chuo hichohicho kilimwita awe profesa wa fizikia, na mwaka 1894 kikamteua kuwa mkuu wake.

Zurich ndiko pia alikokutana na Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mkahawa uliotembelewa sana na wanafunzi. Walioana mwaka 1872. Hawakupata mtoto wa kuzaa, na mwaka 1887 walimchukua mpwa wa Bertha, msichana wa miaka 6, wakamlea kama binti yao. Kati ya miaka hiyo Röntgen alifundisha Hohenheim, akarudi Strasbourg, kisha akakaa Giessen kuanzia 1879. Utafiti wake wa kipindi hicho, kuhusu gesi, fuwele na umeme, ulimpa heshima miongoni mwa wanafizikia lakini haukumtoa nje ya duara lao. Alijulikana kwa vipimo makini na kwa kutokuwa na haraka ya kuchapisha. Angefariki akiwa na umri wa miaka 49, jina lake lingebaki katika tanbihi za vitabu vya fizikia.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1895, Röntgen alikuwa peke yake maabarani mwake Würzburg. Alikuwa akirudia majaribio ya Heinrich Hertz na Philipp Lenard kuhusu miale ya kathodi, yaani miale inayotokea ndani ya neli ya kioo iliyonyonywa hewa pindi umeme wa nguvu unapopitishwa ndani yake. Aliifunika neli hiyo kwa karatasi nzito nyeusi hata pasitokeze mwanga wowote, akazima taa. Kando, mbali na neli, palikuwa na kiwambo kilichopakwa kemikali ya bariamu ambayo hung'aa ikiguswa na miale. Kila alipowasha umeme, kiwambo kiling'aa. Miale ya kathodi haiwezi kusafiri hewani ila kwa sentimita chache. Kwa hivyo kilichokifikia kiwambo kilikuwa kitu kingine. Mtu mwingine angekimbilia kutangaza. Röntgen alijifungia. Kwa takriban majuma saba alikula na wakati mwingine kulala papo hapo katika taasisi, akiweka kitu kimoja baada ya kingine kati ya neli na kiwambo: kitabu cha kurasa elfu moja, karata za kuchezea, mbao, mpira, na hasa metali za unene mbalimbali.

Hapa ndipo mafunzo ya uhandisi yanapojitokeza. Ripoti ya kwanza, aliyoiwasilisha kwa Chama cha Fizikia na Tiba cha Würzburg tarehe 28 Desemba 1895, haikuhusu mwili wa binadamu kwa kiasi kikubwa. Sehemu yake kubwa ni hesabu ya namna vitu vinavyozuia miale hiyo. Madini ya risasi yenye unene wa milimita 1.5 yaliizuia karibu yote. Aluminiamu yenye unene wa milimita 15 iliipunguza sana lakini haikuimaliza. Platinamu, shaba, fedha na zinki kila moja ilikuwa na kiwango chake. Röntgen alitambua kwamba uzito wa kitu kwa ujazo wake una athari kubwa lakini hautoshi peke yake kueleza tofauti hizo. Kisha akaorodhesha picha alizozipiga. Mkono wa Bertha, uliopigwa tarehe 22 Desemba kwa takriban dakika 15, ni mmojawapo tu. Palikuwa na waya uliozungushwa kwenye kigogo cha mbao, mawe ya mizani ndani ya kisanduku kilichofungwa, dira ambayo sindano yake imezungukwa na metali pande zote, na, bila mbwembwe yoyote, kipande cha metali ambacho miale ilidhihirisha kwamba ndani yake hakikuwa sawa kila mahali. Kauli hiyo fupi juu ya kipande cha metali ndiyo mwanzo wa taaluma nzima ya kukagua vyuma kwa eksirei. Wasomaji wengi wa 1896 waliiruka, nao hawastahili kulaumiwa. Mkono wenye pete huvutia kuliko bamba la metali.

Tarehe 1 Januari 1896 alizituma nakala za ripoti pamoja na picha kwa wanafizikia wenzake. Siku chache baadaye gazeti moja la Vienna lilitoa habari hizo, na kutoka hapo zikaenea kama moto wa nyikani. Tarehe 13 Januari aliitwa Berlin kumwonyesha Kaisari Wilhelm II. Tarehe 23 Januari alitoa mhadhara wa hadhara Würzburg, akampiga picha ya mkono mzee Albert von Kölliker, mtaalamu wa anatomia, naye Kölliker akapendekeza miale ipewe jina la mgunduzi. Wajerumani wanaiita kwa jina hilo hadi leo. Röntgen mwenyewe aliiita miale ya X, herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana, na hakupendelea jina lake litumike. Kiswahili kililipokea neno eksirei kwa njia ya Kiingereza, na kwa hivyo, pasipo kukusudia, kimeuheshimu uamuzi wake kuliko lugha yake ya kuzaliwa.

Majira ya kiangazi ya 1896 yalipofika, Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa picha za mikono, miguu na risasi zilizokwama miilini mwa watu. Röntgen, mpenzi wa kuwinda na kupanda milima, aliipiga picha bunduki yake. Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili, ya aina iliyofuliwa kwa kusokota na kuunganisha tepe za chuma na feleji. Mtutu wa namna hiyo hupendeza kwa nje kwa mistari yake ya mawimbi, lakini uzima wake hutegemea kama tepe hizo zimeshikana barabara. Tepe ikiwa imeacha uwazi, baruti inaweza kuupasua mtutu karibu na uso wa mwindaji. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na bunduki njema pia si mawimbi ya mtutuni. Katika picha ya Röntgen zilionekana risasi zilizokuwa ndani pamoja na marisau yake, na zilionekana pia kasoro za ndani za mitutu yenyewe. Aliipeleka kwa rafiki yake Franz Exner, profesa wa fizikia wa Vienna, na katika ripoti yake ya tatu juu ya miale hiyo, ya Machi 1897, akaitaja kama mfano wa kile kinachoweza kufanyika.

Ripoti hiyo ya tatu ina jambo jingine ambalo lilikuwa na uzito zaidi kwa viwanda kuliko picha yenyewe. Röntgen alieleza kwamba miale haifanani yote. Kuna iliyo laini, inayozuiwa kwa urahisi, na kuna iliyo ngumu, inayopenya zaidi. Tofauti hiyo hutokana na hali ya neli na nguvu ya umeme unaoisukuma. Kwa maneno mengine, anayetaka kuona ndani ya chuma kinene zaidi hana haja ya kutafuta miale mingine. Anahitaji neli inayostahimili umeme wa nguvu zaidi. Kazi hiyo iliwashinda mafundi kwa zaidi ya miaka 15.

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ilikuwa na maana, yafaa kueleza chuma cha kusubu kinavyotengenezwa. Mafundi huyeyusha chuma katika tanuri, kisha wakakimimina katika kalibu iliyofinyangwa kwa mchanga. Chuma kinapoganda hujikunyata. Sehemu za nje, zinazogusana na kalibu, hutangulia kuganda. Sehemu ya katikati huchelewa, na inapoganda nayo huwa hapana tena chuma cha majimaji cha kujaza nafasi inayoachwa. Hapo hutokea uwazi. Gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya chuma hujitenga kwa mapovu, na mapovu yaliyokosa njia ya kutokea huzikwa mumo humo. Mchanga humeguka kutoka kwenye kuta za kalibu. Takataka za tanuri huingia. Nyufa nazo huzuka pale ambapo sehemu nyembamba imepoa na kuanza kuvuta, ilhali jirani yake iliyo nene bado ni laini. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo hatari hizi zinavyozidi, na ndivyo pia kazi yake inavyokuwa nzito: fremu ya nyuma ya meli, mwili wa vali ya mvuke, kitako cha mzinga.

Tatizo ni kwamba kwa nje haya yote hayaonekani. Fundi aliweza kukigonga chuma kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, njia ambayo ina manufaa yake kwa kengele na kwa vitu vyembamba, lakini haimwambii mengi kuhusu pande la nusu tani. Aliweza kukijaza maji kwa shinikizo aone kama kitavuja. Au aliweza kuchagua kimoja kati ya vingi, akikate vipande na kuangalia. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya hakika, na ubaya wake u dhahiri: chuma kilichothibitishwa kuwa kizima ndicho ambacho hakifai tena, na vilivyosalia vinaaminiwa kwa dhana tu. Miale ya Röntgen iliuondoa utata huo. Panapokuwa na uwazi, miale hukutana na chuma kidogo zaidi, hupenya kwa wingi zaidi, na filamu iliyowekwa upande wa pili hupata doa jeusi lenye umbo la uwazi huo. Chuma chenyewe hakiguswi.

Turejee kwa Röntgen. Mapema kabisa baada ya ugunduzi, mhandisi Max Levy, kwa niaba ya kampuni ya umeme ya AEG, alimwendea kutafuta makubaliano ya kibiashara. Röntgen alikataa. Alishikilia kwamba, kwa desturi ya maprofesa wa Ujerumani, ugunduzi wa chuo kikuu ni wa watu wote na haufai kufungiwa kwa hataza wala leseni. Hakuchukua hataza yoyote. Alipewa nishani na mfalme wa Bavaria, akaipokea, lakini cheo cha ukabaila kilichoambatana nayo hakukitumia katika jina lake. Mwaka 1901 alipokea Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia. Alisafiri hadi Stockholm, akaichukua, akarejea pasipo kutoa mhadhara, na fedha za tuzo akazielekeza kwa Chuo Kikuu cha Würzburg.

Wapo wanaouona uamuzi wa kutochukua hataza kuwa ukarimu mtupu. Tathmini ya haki yapasa kwenda mbali kidogo. Kukataa kwake kulimwezesha kila mwenye neli kuijaribu, na miongoni mwa waliojaribu walikuwamo matapeli na wazembe. Watu waliungua ngozi, wakapoteza vidole na mikono. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifariki mwaka 1904 kwa madhara ya miale hiyo. Röntgen mwenyewe aliepukana na balaa hilo kwa sababu isiyohusiana na tahadhari ya afya: alikuwa amejijengea kijumba cha zinki ndani ya maabara, akakiongezea bamba la risasi, ili sahani zake za picha zisiharibiwe na miale, naye akawa anafanya kazi ndani yake. Hata hivyo, laiti kampuni moja ingeliimiliki miale hiyo, ni vigumu kuamini kwamba hospitali ndogo na karakana zingeipata kwa bei waliyoimudu. Katika mizani hiyo, uamuzi wake unabaki kuwa sahihi.

Philipp Lenard hakuuridhia utukufu uliomwangukia mwenzake. Alikuwa amefanya kazi kubwa juu ya miale ya kathodi, na mwaka 1896 yeye na Röntgen walitunukiwa kwa pamoja nishani ya Rumford ya Shirika la Kifalme la London. Lakini kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyozidi kudai kwamba ugunduzi ulikuwa haki yake. Röntgen hakujibizana naye hadharani. Alichapisha ripoti tatu tu kuhusu eksirei, kisha akawaachia wengine uwanja na kurudi kwenye utafiti wake wa fuwele. Mwaka 1900 serikali ya Bavaria ilimhamishia Munich, na huko akabaki hadi alipostaafu mwaka 1920.

Wakati huo, neli ilikuwa bado ndiyo kikwazo. Neli za kizazi cha kwanza zilitegemea mabaki ya gesi yaliyosalia ndani yake. Gesi hiyo ilibadilika kadiri neli ilivyotumika, na miale ikawa ya kubahatisha: leo ngumu, kesho laini. Zilitosha kwa mkono na kwa mtutu wa bunduki wenye kuta za milimita chache. Hazikutosha kwa pande la feleji lenye unene wa kiganja. Mwaka 1913 William Coolidge, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, alitengeneza neli yenye ombwe la hali ya juu ambamo elektroni hutolewa na waya wa tangsteni uliopashwa moto. Kuanzia hapo mwendeshaji aliweza kuuongoza wingi wa miale na ugumu wake kila kimoja kwa nafasi yake.

Vita Kuu ya Kwanza viliingia katikati. Röntgen alikuwa mmoja wa wasomi 93 wa Ujerumani waliotia saini tamko la mwaka 1914 la kuutetea mwenendo wa jeshi la nchi yao, tendo alilolijutia baadaye. Hili ni doa ambalo wasifu wa kumsifu huliruka, nalo halipaswi kurukwa. Aliitoa pia nishani yake ya dhahabu ya Rumford iyeyushwe kuchangia vita. Njaa ilipoingia mijini, alikula posho ileile waliyokula wengine, akakonda. Bertha, aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, alifariki mwishoni mwa Oktoba 1919. Kisha ukaja mfumuko wa bei ambao uliifanya sarafu ya Ujerumani kuwa karatasi tu, na akiba ya mzee huyo ikayeyuka nayo. Aliyekataa utajiri wa eksirei aliishi miaka yake ya mwisho kwa kubana matumizi, kwa sehemu kubwa katika nyumba yake ya mashambani huko Weilheim.

Mwaka 1922, kule Watertown katika jimbo la Massachusetts, mwanafizikia Horace Lester aliandaa maabara ya eksirei ndani ya karakana ya silaha ya jeshi la Marekani. Alitumia neli ya Coolidge ya volti 200,000, na kazi yake ilikuwa kukagua vyuma vya kusubu. Kwa neli hiyo aliweza kuona ndani ya feleji yenye unene wa inchi 3, yaani takriban milimita 75. Alichokiona kiliwashangaza wenye viwanda. Vyuma vilivyopita ukaguzi wa macho, vikapakwa rangi na kutolewa kazini, vilikutwa na mapango na nyufa. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 ujuzi wake ulitumiwa kukagua vyuma vya mtambo wa umeme wa kampuni ya Boston Edison, uliokusudiwa kutumia mvuke wa shinikizo la ratili 1,200 kwa kila inchi ya mraba, kiwango ambacho wakati huo kilikuwa kikubwa mno. Vali ikipasuka kwa shinikizo hilo, walio karibu nayo hawana pa kukimbilia.

Faida kubwa ya maabara ya Watertown haikuwa kuvikataa vyuma vibovu. Picha zilimrudisha msubu kwenye kalibu yake. Alipoonyeshwa kwamba uwazi hutokea mahali palepale katika kila kipande, aliweza kubadilisha njia ya kumiminia chuma, akaongeza hifadhi ya chuma cha majimaji juu ya sehemu nene, kisha akapiga picha nyingine aone kama dawa imefaa. Si kwamba njia hiyo haina upungufu. Picha ni kivuli, haielezi dosari iko kina gani, kwa hivyo hulazimu kupiga nyingine kwa pembe tofauti. Ufa mwembamba uliolala kukingama njia ya miale unaweza kupita bila kuonekana kabisa. Baadaye, Robert Mehl na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani waliigeukia miale ya radiamu kwa ajili ya fremu za nyuma za manowari ambazo unene wake ulizishinda neli za wakati huo. Mwaka 1931 wahandisi wa mitambo wa Marekani waliukubali ukaguzi wa eksirei katika kanuni zao za matangi ya shinikizo yaliyounganishwa kwa kulehemu. Neli za volti milioni moja zilifuata, kisha betatroni ya Donald Kerst ya mwaka 1940. Zote hizo zilifuata njia iliyoelezwa katika ripoti ya Machi 1897: ongeza ugumu wa miale, upenye zaidi.

Röntgen alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yalizikwa Giessen, karibu na makaburi ya wazazi wake na ya Bertha. Kwa agizo la wosia wake, barua zake na maandishi yake ya kisayansi yalichomwa moto, na ndiyo maana watafiti wengi wamelazimika kuusimulia usiku wa tarehe 8 Novemba kwa kukisia. Picha ya bunduki haikuungua. Nakala yake ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwake tangu 1896, ilipotumwa Vienna kwa Exner, ikiwa na maandishi ya mkono yanayoonyesha kila kasoro ilipo.